Cheo na Wito: Majina ya Heshima kutoka Mabaraza ya Kale ya Katanga hadi Mji wa Lubumbashi

Utangulizi

Katika maigizo ya Kiswahili yanayorejelea zama za kale kuna kasoro moja inayojirudia. Mtunzi humweka mtawala kitini, humzungushia wazee, walinzi na wageni waliotoka mbali, kisha huwapa wote msamiati mmoja. Mtawala huitwa mfalme, kila mwanamume mwenye cheo huitwa bwana, na kila aliye chini yao huitwa mtumwa. Hadhira ya Lubumbashi, ambayo majumbani mwake bado husikika Kiluba, Kilunda, Kisanga, Kibemba na lugha nyingine nyingi, huonyeshwa baraza la watu wa lugha moja mahali ambapo kwa kweli palikuwa na watu wa lugha tano au sita.

Kasoro hii si ya mapambo tu. Majina ya vyeo ni sehemu ya lugha inayobeba uhusiano kati ya watu: nani anaamuru, nani anatii, nani ni mgeni na nani amekwisha kupokelewa. Mtunzi anapoyachanganya, hupoteza jambo lenyewe alilotaka kulionyesha. Makala hii inakusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyotumika katika jamii zenye mchanganyiko wa watu, kuanzia pwani ya zama za kati, kupitia milki za Waluba, Walunda na Wayeke, hadi mji wa Lubumbashi. Hoja yake kuu ni kwamba, katika jamii ya watu wa asili mbalimbali, jina la heshima linalodumu ni lile linalomgeuza mgeni kuwa ndugu. Majina yaliyoletwa kwa amri tu hayakupata mizizi ya namna hiyo, hata yalipoungwa mkono na serikali.

Kabla ya kuendelea, yafaa kutofautisha mambo mawili. Cheo ni jina la nafasi ambayo mtu anaishika, na hutumika hasa mtu huyo anapotajwa. Wito ni neno analoambiwa ana kwa ana. Mtu mmoja aweza kuwa na cheo kimoja na miito mingi. Mkuu wa mtaa hutajwa kwa cheo chake ofisini, lakini jirani humwita baba, mkewe humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na babu yake humwita mjukuu. Anayesoma vyeo bila kusikia miito huona nusu tu ya jamii.

Pwani: sultani, shekhe, mwinyi na mwungwana

Mfano wa zamani wa jamii iliyochanganya watu na majina yao unapatikana katika miji ya pwani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta mtawala ambaye raia wake walimwita shekhe, si sultani. Mtawala huyo alizungumza lugha ya mahali pale, na Kiarabu alikijua vilevile. Alipofika Kilwa alikuta sultani, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa sababu ya ukarimu wake. Lakabu hiyo inastahili kuangaliwa. Cheo cha sultani kilitoka katika desturi ya utawala wa Kiislamu, lakini jina ambalo watu walilipenda lilikuwa na neno "baba" ndani yake.

Pamoja na maneno ya Kiarabu, pwani ilihifadhi maneno yake yenyewe. Mwinyi ni umbo la mwenye: mtawala alitajwa kama mwenye nchi au mwenye mji. Huko Unguja cheo cha Mwinyi Mkuu kilidumu hadi mwaka 1873, chini ya kivuli cha masultani wa Kiomani waliokuwa wamehamia kisiwani. Hivyo katika kisiwa kimoja palikuwa na sultani na Mwinyi Mkuu kwa wakati mmoja, na kila jina lilitambulisha chanzo tofauti cha mamlaka. Anayetafsiri yote mawili kwa neno mfalme huifuta historia hiyo kwa kalamu moja.

Neno la tatu la pwani ni mwungwana. Katika miji ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru aliyezaliwa katika ukoo wa mji, mwenye adabu, dini na nyumba. Kinyume chake kilikuwa mtumwa au mshenzi, yaani mtu wa bara asiyejua ustaarabu wa mji. Neno hili lilikuja kusafiri mbali kuliko waungwana wenyewe, na safari yake itaelezwa baada ya kuyaangalia mabaraza ya bara lililokokwenda.

Waluba na Walunda: cheo kinachozaa watoto

Katika bara la Katanga vyeo vilikuwa na mpangilio wake, wala havikungoja wageni. Kwa Waluba mtawala mkuu aliitwa mulopwe, na ufalme wenyewe, uliohesabiwa kuwa mtakatifu na wa damu, uliitwa bulopwe. Chini yake walikuwapo bilolo, watawala wa maeneo, pamoja na watu wa baraza kama twite na inabanza, ambaye alihusika na vitu vitakatifu vya ufalme. Chama cha bambudye kilihifadhi habari za ufalme, na wajuzi wake walizisoma kwa vidole juu ya lukasa, ubao wa kumbukumbu uliopambwa kwa shanga na makombe.

Simulizi la asili ya ufalme huo linaeleza jambo linalohusu hoja ya makala hii. Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki, alifika kwa mtawala Nkongolo na kuzaa mtoto na dada yake. Mtoto huyo, Ilunga, aliitwa Kalala kwa sababu alikuwa kiongozi wa vita, kisha akamshinda mjomba wake na kutawala. Kwa hiyo Kalala Ilunga ni jina lenye cheo ndani yake. Hata leo, anayesoma orodha ya wanafunzi mjini Lubumbashi hukutana na majina kama Kalala na Twite. Vyeo vya baraza la kale vimekuwa majina ya watu wa kawaida, na wengi wanaoyabeba hawakumbuki tena kazi iliyofanywa na wenye majina hayo.

Kwa Walunda mpango ulikwenda mbali zaidi. Mtawala mkuu, Mwant Yav, ambaye kwa Kiswahili huandikwa pia Mwata Yamvo, alizungukwa na wenye vyeo walioitana kwa majina ya ukoo. Lukonkeshi, cheo cha mwanamke, alihesabiwa kuwa mama wa mtawala, ingawa hakuwa lazima yeye aliyemzaa. Mtaalamu Ian Cunnison, aliyefanya utafiti katika bonde la Luapula kwenye milki ya Mwata Kazembe, aliuita mpango huo udugu wa kudumu, na mwaka 1956 alichapisha makala juu yake. Maana yake ni hii: ikiwa mwenye cheo cha kwanza aliwahi kuwa mtoto wa mwenye cheo cha pili, basi kila atakayekirithi cheo cha kwanza ataitwa mtoto, na kila atakayekirithi cha pili ataitwa baba, hata kama huyo mtoto ni mzee mwenye mvi na huyo baba ni kijana.

Cunnison aligundua pia kwamba mwenye cheo anaposimulia habari za watangulizi wake husema mimi. Husema mimi nilivuka mto, mimi nilipigana, ingawa mambo hayo yalitendeka vizazi vingi kabla hajazaliwa. Kwa mwanaisimu huu ni mfano wa thamani. Kiwakilishi cha nafsi ya kwanza hakirejelei mwili wa msemaji, bali kiti alichokikalia. Mtunzi wa mchezo anayemfanya mwenye cheo wa Kilunda asimulie habari za babu zake kwa kusema wao amekwisha kumvua mhusika wake cheo.

Faida ya mpango huu ilikuwa ya kisiasa. Milki ya Walunda iliwaingiza watu wa lugha nyingi bila kuwalazimisha wote wawe Walunda kwa kuzaliwa. Mtawala wa mahali aliyekubali kutoa ushuru aliweza kupewa nafasi katika ukoo wa vyeo, akawa mtoto au mpwa. Tangu siku hiyo uhusiano wake na mkubwa wake ulielezwa kwa lugha ya nyumbani.

Bunkeya: baraza la njia panda

Baraza linalofaa zaidi kuonyesha mchanganyiko wa watu ni lile la Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Lualaba. Msiri, ambaye jina lake la awali lilikuwa Ngelengwa, alitoka Busumbwa, katika magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya Katanga. Katika miaka ya 1850 mwana alihamia huko, na kwa biashara, vita na ndoa alijenga milki iliyojulikana kwa jina la Garenganze.

Hapo walikutana watu wa pande zote. Walikuwapo Wasanga na Walamba wenye nchi, Waluba walioletwa au waliokimbilia, na Wayeke wenyewe waliotoka mashariki. Waliingia wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu wa njia ya Bahari ya Hindi, na Waovimbundu wa njia ya Angola. Miongoni mwa wake wa Msiri alikuwamo Maria de Fonseca, mwenye asili ya Kireno na Kiafrika kutoka Angola. Mwaka 1886 aliongezeka mmisionari Frederick Stanley Arnot, na wenzake walimfuata baadaye. Katika baraza hilo bunduki, meno ya ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilibadilishana mikono.

Msiri hakuchukua cheo cha sultani wala cha mulopwe. Alijiita mwami, cheo cha kwao ambacho kinafahamika pia Rwanda, Burundi na Bushi. Wakuu wa ukoo na wasaidizi wake waliitwa banangwa, neno lililo na ndugu yake katika Kinyamwezi, mwanangwa, yaani mtoto wa mtawala au mkuu wa kijiji. Hapa pia cheo ni neno la uzazi: anayetawala kijiji kwa niaba ya mwami ni mwana, au anahesabiwa kuwa mwana. Msiri aliwaoa wanawake wa makabila mengi aliyoyatawala, na hivyo alikuwa mkwe wa nchi nzima. Anayesikia neno mkwe kwa masikio ya Kibantu anafahamu mzigo wa heshima, woga na wajibu uliomo ndani yake.

Wafanyabiashara wa pwani, kwa upande wao, walimwita sultani karibu kila mtawala waliyemkuta bara, mkubwa na mdogo. Huo ulikuwa msamiati wao wa kutaja. Lakini mmoja wao alifahamu vizuri kwamba cheo cha bara kiliingiwa kwa mlango wa ukoo. Katika maisha yake, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, anaeleza jinsi alivyofika Utetela kwa Kasongo Rushie katika miaka ya 1870. Alikuwa amesikia habari za wanawake wa ukoo wa mtawala huyo waliotekwa zamani. Akadai kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee alimkubali kama jamaa na kumkabidhi utawala. Dai lilikuwa la kubuni, lakini sarufi yake ilikuwa sahihi. Bunduki zake zilimpatia hofu ya watu. Neno mjukuu ndilo lililompatia kiti.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Omer Bodson, mmoja wa watu wa msafara wa Stairs uliotumwa kuiweka Katanga chini ya Dola Huru ya Kongo. Bodson naye alipigwa risasi papo hapo na kufa. Milki ilivunjika, lakini cheo hakikufa. Mukanda-Bantu alimrithi baba yake, na hadi leo mtawala wa Wayeke anaitwa mwami, pamoja na jina la Mwenda.

Njia ya msafara: maneno yaliyobadilika miguuni

Kati ya mabaraza hayo na mji wa migodi ilikuwapo misafara, nayo ilikuwa karakana ya maneno. Mfano mmoja ni mnyampara. Kwa Wanyamwezi neno hilo lilimtaja mzee anayeheshimiwa. Katika msafara likawa jina la kiongozi wa kundi la wapagazi. Baadaye, katika kazi za serikali na magerezani, mnyapara akawa msimamizi anayesimama na fimbo. Neno lilianza kama heshima na kuishia kama hofu, na hakuna mtu aliyeamua liwe hivyo. Lilibadilika kwa sababu kazi yenyewe ilibadilika.

Neno mwungwana nalo lilifuata njia hiyo, lakini liligeuka upande mwingine. Katika misafara, watu wote waliotoka pwani au waliofuata desturi za pwani walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Huko Maniema, vijana waliochukuliwa katika vita na kulelewa katika vijiji vya Waswahili walipata jina hilo pia. Lugha yao ikaitwa Kingwana, na kwa muda mrefu jina hilo lilitumika kwa Kiswahili cha Kongo. Hivyo neno ambalo pwani liliwatenga wenye mji na watu wa bara, huko bara lilikuwa jina la lugha ya watu walewale waliotengwa. Katika mabadiliko yote ya vyeo katika Afrika ya Mashariki na Kati, ni machache yanayolingana na hilo kwa uzito.

Neno la tatu, kapita, lilitoka upande wa magharibi, kutoka Kireno, lugha ambamo lilimaanisha kiongozi wa kijeshi. Katika Kongo ya wakoloni lilimtaja Mwafrika aliyewekwa juu ya wenzake kazini. Kapita hakuwa na ukoo na watu aliowasimamia, na mamlaka yake yote yalitoka kwa aliyemweka. Kwa hiyo neno lilibaki la kazini na halikuingia nyumbani.

Elisabethville: bwana na boyi

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na sehemu nyingine. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao. Johannes Fabian ameonyesha katika utafiti wake wa mwaka 1986 kwamba kukua kwa Kiswahili Katanga hakukuwa mwendelezo tu wa njia za misafara. Watawala wa Kibelgiji walikitaka pia kwa sababu za kisiasa, wakiogopa nguvu ya Waingereza na watu wa Rodezia katika migodi.

Lugha hiyo ya kazi ilikuja na vyeo vyake. Bwana, ambalo pwani lilikuwa jina la heshima kwa mwanamume yeyote wa hadhi na pia jina la mume, Katanga lilimwangukia mzungu. Upande wa pili wa bwana alisimama boyi, mtumishi wa nyumbani, aliyeitwa hivyo hata alipokuwa na wajukuu. Makazi yake nyuma ya nyumba ya bwana yaliitwa boyerie. Neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume lilimnyima mtu mzima utu uzima wake, na hilo lilikuwa jeraha kubwa katika jamii ambamo umri ndio msingi wa heshima.

Watu hao waliacha ushahidi wao wenyewe. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alitunga kwa niaba ya wenzake maandishi ya Kiswahili yaitwayo Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, ambayo Fabian aliyachapisha na kuyaeleza mwaka 1990. Ni historia ya mji iliyosimuliwa na walioitwa boyi. Jambo linaloshangaza ni kwamba kitabu cha historia kimeitwa kitabu cha msamiati. Labda jina hilo linafaa kuliko linavyoonekana mara ya kwanza: kwa walioishi chini ya majina waliyopewa na wengine, kueleza maneno ni sehemu ya kueleza historia.

Serikali ya kikoloni ilijaribu pia kuwapa Waafrika wachache daraja la juu. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa za uraia kwa walioitwa évolués, na mwaka 1952 ikaweka utaratibu wa kuwaandikisha. Hata hivyo, katika Kifaransa Mwafrika aliendelea kuambiwa tu, kiwakilishi cha nafsi ya pili umoja kinachotumika kwa mtoto au rafiki wa karibu, badala ya vous ya heshima. Patrice Lumumba alilitaja jambo hilo hadharani katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960. Kwamba kiwakilishi kimoja kilipata nafasi katika hotuba ya uhuru ni jibu la kutosha kwa wanaodhani kuwa miito ni jambo dogo.

Baada ya uhuru amri nyingine ilikuja. Katika siasa ya uhalisia ya miaka ya 1970, wakati nchi ilipoitwa Zaire na Katanga ilipoitwa Shaba, maneno Monsieur na Madame yaliondolewa, na kila mtu akatakiwa kuitwa citoyen au citoyenne, yaani raia. Nia iliyotangazwa ilikuwa usawa. Lakini neno hilo lilitumika ofisini, redioni na mikutanoni, na mara chache lilivuka kizingiti cha nyumba. Siasa ya chama kimoja ilipolegea mwaka 1990, neno hilo nalo lililegea pamoja nayo.

Kiswahili cha kila siku: baba, mama, yaya

Wakati amri zikija na kuondoka, wakazi wa makambi na mitaa walikuwa wakijenga mpango wao wenyewe. Majirani wa lugha tofauti hawakuwa na mfalme mmoja wala mzimu mmoja. Kilichokuwapo ni maneno ambayo kila lugha ya Kibantu inayo: baba, mama, kaka na dada wakubwa na wadogo, mjomba, mkwe. Maneno hayo yakawa mpango wa heshima wa mji mzima. Mwanamke muuza unga sokoni ni mama kwa kila mnunuzi. Mwanamume wa makamo ni baba au tata. Anayemzidi msemaji umri kidogo, mwanamume au mwanamke, ni yaya, neno ambalo mgeni kutoka pwani hulishangaa, kwa kuwa kwao ni mlezi wa watoto wa kuajiriwa.

Sarufi nayo ilishiriki. Katika Kibemba mtu anayeheshimiwa hutajwa kwa wingi: kiambishi ba- huwekwa mbele ya jina la mtu mmoja. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho hutumia ba- mahali pa wa- ya Kiswahili sanifu, kiliipokea desturi hiyo, hivyo ba mama yaweza kuwa akina mama wengi, au mama mmoja anayestahili heshima. Mwalimu anayeisahihisha kama kosa la upatanisho hulifuta tendo la adabu.

Mpango huu una uhusiano na udugu wa kudumu wa Walunda. Katika yote mawili, neno la ukoo halithibitishi damu, bali linafungua wajibu. Anayeitwa baba anatazamiwa kusuluhisha, kushauri na kuchangia msibani.

Uzito wa mpango huo ulionekana pia ulipovunjwa. Mwaka 1992 na 1993, katika fujo za kisiasa za Shaba, wakazi wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa palepale, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walifukuzwa majumbani mwao kwa maelfu, na wengi walikufa katika vituo vya reli na njiani. Walioitwa yaya jana waliitwa wadudu leo, na kubadilika kwa wito kulikwenda pamoja na vitendo. Mwanaisimu hawezi kusema kwamba neno ndilo lililoua, lakini anaweza kuonyesha kwamba kabla ya jirani kufukuzwa alivuliwa kwanza jina la undugu.

Jukwaani

Mambo haya yanawahusu moja kwa moja wanaotunga na kuigiza. Lubumbashi ina desturi ya maigizo ya Kiswahili, na kikundi cha Mufwankolo ndicho kilichojulikana zaidi, redioni na katika televisheni. Mwaka 1986 kikundi hicho kiliandaa mchezo kutokana na usemi kwamba mamlaka huliwa mazima, nao ulikuwa na mtawala wa kijiji na watu wake. Fabian alifuatilia matayarisho yake na kuyaeleza katika kitabu cha mwaka 1990. Waigizaji hao hawakuhitaji Kiswahili cha pwani ili kuonyesha heshima. Walitumia lugha ya mji wao.

Kwa anayetaka kuonyesha baraza la kale, mashauri matatu yanaweza kusaidia. La kwanza, kila mtawala apewe cheo cha kwao: mulopwe kwa Mluba, Mwant Yav kwa Mlunda, mwami kwa Myeke. Neno sultani liwekwe kinywani mwa mfanyabiashara wa pwani, na hasa anapozungumza na wenzake. La pili, neno bwana litumiwe kwa uangalifu. Hadhira ya Katanga hulisikia pamoja na kumbukumbu ya mkoloni, na mtunzi anayelitia katika karne ya 18 huingiza kivuli cha karne ya 20. La tatu, miito ya ukoo ipewe nafasi kubwa kuliko vyeo. Mgeni anapoingia barazani, swali la kwanza si cheo chake ni kipi, bali ni mtoto wa nani, na ataitwaje akikubaliwa. Hapo ndipo mchezo unapopata msukumo wake, kama Tippu Tip alivyofahamu.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba vyeo vya mabaraza ya kale ya pwani na Katanga vilitoka katika lugha nyingi, na kwamba vilibadilika kila vilipohama. Mnyampara alishuka, mwungwana akawa jina la lugha, Kalala na Twite wakawa majina ya wanafunzi. Vyeo vilivyoletwa kwa amri, kama boyi na citoyen, vilitegemea nguvu ya walioviweka. Miito ya ukoo, ambayo haikutangazwa na yeyote, ndiyo iliyowawezesha watu wa asili mbalimbali kuishi mtaa mmoja, na ilipokataliwa mtaa uliungua.

Kazi iliyobaki mbele ya walimu wa Kiswahili mjini Lubumbashi ni kuifundisha lugha sanifu bila kuidharau adabu iliyomo katika Kiswahili cha nyumbani. Mwanafunzi ajue kwamba kitabuni ataandika Bwana Mkurugenzi. Ajue vilevile kwamba mama yake, anapomwita jirani wa Kasai yaya, anazungumza Kiswahili chenye historia ndefu na chenye maana kamili.